Filamu za Mapenzi ya Kuchekesha: Zinapendeza kwa Nini, na Zinaudhi kwa Nini?

Jumamosi moja ya muhula huu tulionyeshwa filamu bwaloni baada ya chakula cha jioni. Kijana alimpenda binti, binti akamkataa. Kijana akamfuata kila aendako, hata mwisho binti akakubali, wakaoana. Nusu ya darasa letu walipiga makofi, na nusu walitoka wamenuna. Ubishi ule haukwisha hata taa za bweni zilipozimwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili akaniambia, "Badala ya kubishana, andika." Basi naandika.

Kwanza yafaa tujue kwamba michezo ya namna hii si migeni kwetu Tabora. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma na kisha kufundisha katika mji huu, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Ndani yake mna wachumba, kikwazo, watu kujigeuza sura, ugomvi wa pete, na mwisho wa furaha. Hayo ndiyo tunayoyaona katika filamu hizi mpaka leo. Naye Mzee Rashidi Kawawa, aliyesoma Tabora pia, aliigiza katika filamu za Kiswahili za miaka ya 1950, ikiwamo Muhogo Mchungu, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kwa hiyo tusiseme kwamba filamu ni upuuzi usiofaa kufikiriwa.

Sasa tutazame yanayopendeza. Jambo la kwanza ni kikwazo cha kweli. Mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba wawili hawa wataoana. Anachongojea ni kuona watavukaje. Kwa mfano, filamu ya Marekani iitwayo It Happened One Night, ya mwaka 1934, ilipata tuzo tano kubwa za Oscar. Binti wa tajiri amemtoroka baba yake, naye anasafiri kwa basi pamoja na mwandishi wa gazeti aliyefukuzwa kazi. Mmoja ana kiburi cha mali, mwenziwe ana kiburi cha kujua kila kitu. Njaa na mwendo wa miguu vinawapunguza wote wawili. Sisi wa Unyanyembe, tuliozaliwa juu ya njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, tusishangae: safari humfunua mtu.

Jambo la pili ni kwamba wapenzi wote wawili wawe na akili na kauli. Katika Mabepari wa Venisi, Portia anavaa mavazi ya mwanasheria na kumwokoa rafiki wa mumewe barazani. Kisha anaiomba pete aliyompa mumewe mwenyewe, naye mume anaitoa bila kumtambua. Tunacheka kwa sababu mke ameshinda kwa akili, wala hakungoja kuokolewa.

Yanayoudhi nayo ni matatu. La kwanza ni kutoelewana ambako neno moja tu lingekumaliza. Msichana anamwona mchumba wake na mwanamke mwingine, anakimbia akilia, na saa nzima inapita kabla hajaambiwa kwamba yule ni dada yake! La pili ni kumcheka mnyonge: mtumishi wa ndani, mtu wa shamba, mtu mnene. Hata Shakespeare hakosi lawama hapa, maana Shylock anadhihakiwa kwa ajili ya dini yake, na mwisho analazimishwa kuiacha.

La tatu ndilo zito, nalo ni kulifanya neno "hapana" kuwa mwanzo wa "ndiyo". Juu ya jambo hili nina ushahidi wa nyumbani.

Dada yangu anashona nguo, nasi kwetu ni Isevya. Wakati wa likizo kijana mmoja alimtaka uchumba. Dada akakataa kwa adabu, tena mara tatu. Kijana hakuacha. Alimngojea njiani asubuhi na jioni, akaleta zawadi, akaimba mbele ya watu. Majirani walifurahi wakasema, "Mvumilivu hula mbivu." Mimi nami nilifurahi, niliona kama filamu imehamia mtaani kwetu. Nilipokea barua yake nikampelekea dada, nikidhani natenda wema.

Siku moja nilitumwa kumpelekea dada chakula kazini. Wakati wa kurudi hakuifuata njia yetu ya kawaida. Alizunguka nyuma ya nyumba za watu, mwendo wa mara mbili, huku akigeuka kutazama nyuma. Nikamwuliza, "Dada, mbona huku?" Akasema, "Mwezi wa pili huu napita huku." Hapo kicheko kilinitoka, nikaona haya kwa ile barua.

Nilimweleza mama, naye mama akamwita mama mkubwa. Wakaenda kwa wazee wa kijana yule, wakazungumza kwa heshima. Kijana akasema alidhani anajaribiwa, kama filamu zinavyoonyesha. Aliomba radhi, na tangu siku ile hakumngojea tena. Dada sasa anapita njia fupi.

Nimeifikiri sana methali ya majirani. Ni methali njema, lakini inasema juu ya matunda. Embe halina kinywa cha kusema halitaki kuchumwa. Dada yangu anacho, na alikwisha kusema.

Sisemi tuache kutazama filamu hizi. Mimi mwenyewe nazipenda, na nitakuwa wa kwanza kukaa bwaloni zikionyeshwa tena. Nasema tuzitazame kama tunavyosoma kitabu darasani, yaani kwa kuuliza. Nawapa wenzangu maswali haya wayachukue siku hiyo:

1. Kikwazo kimetoka katika tabia za wapenzi, au kimewekwa ili filamu iwe ndefu?
2. Tunamcheka nani, naye angekuwapo bwaloni angecheka pamoja nasi?
3. Yule aliyekataa, alibadili nia kwa sababu ipi? Je, ameonyeshwa jambo jipya la kupendeza, au amechoshwa tu?

Filamu itakayojibu vizuri maswali yote matatu, tuipigie makofi sote, hata wale waliotoka wamenuna.