Mlinzi wa Filipi na Askari wa Kwetu

Somo: Matendo ya Mitume 16:25-34

Mpendwa, habari ya Paulo na Sila gerezani tumeihubiri sana upande wa sifa. Waliimba, tetemeko likaja, minyororo ikafunguka. Haleluya! Wiki hii nataka tumwangalie yule mwingine, aliyekuwa kazini usiku huo. Mlinzi anaamka, anaona milango iko wazi, na bila kumuuliza mtu anachomoa upanga ajiue.

Mbona haraka hivyo? Siku zile mfungwa akitoroka, mlinzi alilipa kwa uhai wake. Soma sura ya 12, mstari wa 19, uone Herode alivyowafanyia walinzi baada ya Petro kutoka. Kwa hiyo huyu mtu alikuwa ameshapiga hesabu yake peke yake, gizani, na silaha iko mkononi. Upweke, aibu, silaha karibu. Ukiongea na askari wetu, hayo matatu utayakuta.

Wengi wenu mnakumbuka tarehe 4 Desemba 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini Nuu lilipozama mto Enziu kule Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwemo. Sisi tulilia, tukazika, tukafarijiana. Je, wale maafisa waliosimama ukingoni miili ikitolewa majini, nani aliwafariji? Huku Makueni, ajali ikitokea usiku wa manane kwa barabara ya Mombasa, Salama ama Kibwezi, polisi ndiye anayeokota. Asubuhi yuko barabarani tena, na sisi kwenye matatu tunamsema vibaya. (Ndiyo, hongo ni dhambi. Hilo tulilifundisha na tutalirudia.)

Mimi nilisomea biashara. Gari la kampuni huandikiwa uchakavu kila mwaka, hata kama bado linawaka vizuri. Uchakavu wa binadamu sijaona ukiandikwa kwa kitabu chochote.

Serikali imeanza kuliona. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilikabidhi ripoti yake mwaka wa 2023, na afya ya akili ya maafisa imo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mtu alitolewa kamba shingoni akapelekwa kizimbani!

Lakini sisi kanisa? Afande mmoja aliniambia hivi: akisema kituoni kwamba halali usingizi, anaogopa atanyang'anywa bunduki na kuitwa mwoga. Akisema kanisani, ataambiwa ana pepo. Basi ananyamaza, na jioni anakunywa.

Rudi kwa Paulo. Aliita kwa sauti kuu, akamzuia asijiumize, akamwambia wote wapo. Hakumkemea. Mahubiri yalikuja baadaye, yule mtu mwenyewe alipouliza afanye nini ili aokoke. Na angalia anayepiga kelele ni nani: mfungwa, mgongo una vidonda vya fimbo, vidonda ambavyo mlinzi huyo hakuwa ameviosha. Paulo alikuwa na sababu zote za kunyamaza. Na wewe kama uliwahi kupigwa kirungu na polisi, najua somo hili ni gumu kwako, ila Paulo hakungoja aoshwe kwanza ndipo aite.

Eliya naye aliomba kufa chini ya mretemu, 1 Wafalme 19. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Kwa hiyo mtu asiseme daktari ni kukosa imani. Tutaomba, na tutakupeleka hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui ama Wote.

Dada, kama mumeo ni askari na ameanza kuongea maneno ya kufa, ama anagawa vitu vyake, ama amejifungia na hataki watoto, usingoje Jumapili. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake. Mwombe mkubwa wake ama mwenzake anayemwamini silaha irudishwe ghalani. Nipigie, hata saa nane usiku.

Jumapili baada ya ibada ya pili, maafisa na wenzi wao tukutane chumba cha Shule ya Jumapili. Atakuwepo mshauri nasaha, na hakuna majina yatakayoandikwa. Akina mama watapika chai.