Mdogo Wako Ana Usonji? Kuwa Mpelelezi!

Hebu fikiria. Ni Jumatatu, saa 12 na nusu asubuhi. Unatakiwa kuwahi namba shuleni. Mdogo wako wa miaka 8 kaligomea shati la shule. Analitupa chini, anapiga mayowe, anagonga kichwa ukutani. Mama keshachoka. Jirani anachungulia: "Mtoto huyo kadekezwa. Angekuwa wangu, fimbo tu!" Wewe unatamani ardhi ipasuke uingie.

Kama unaishi na mtoto mwenye usonji, kasheshe hii unaijua. Je, ni ukaidi? Karogwa? Mama alikosea wakati wa ujauzito? Hapana, hapana, na tena hapana!

Usonji ni nini?

Ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua na kufanya kazi. Mtu huzaliwa nayo. Hauambukizi, na chanjo hazisababishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo familia yenu haiko peke yake.

Wapo wenye usonji wasiosema neno hata moja, na wapo wanaosoma sekondari kama wewe. Lakini wengi hupata taabu kuwasiliana, hupenda mambo yaende kwa utaratibu uleule, na huhisi sauti, mwanga au mguso kwa nguvu kuliko wengine.

Tabia ni ujumbe

Mtoto asiyeweza kusema "naumia" atasema kwa mwili wake. Kazi yako ni kuusoma ujumbe huo. Chukua daftari. Kila fujo inapotokea, andika mambo matatu:

1. Nini kilitokea kabla?
2. Alifanya nini?
3. Nini kilifuata?

Baada ya wiki moja, soma ulichoandika. Turudi kwenye shati letu. Tuseme daftari linaonyesha kwamba siku anazovaa fulana ya zamani, hakuna vurugu. Shati jipya tu ndilo tatizo. Unalikagua, na kumbe kuna lebo ngumu shingoni! Wewe inakuwasha kidogo tu. Yeye anaisikia kama msumeno. Kata lebo, fua shati mara mbili tatu lilainike, kisha jaribu tena. Fimbo ya jirani isingeiona lebo hiyo hata siku moja.

Na kama fujo imeanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa ametulia, msisahau kukagua jino, sikio na tumbo. Huenda anaumwa.

Siku yake iwe ya kuonekana

Kata vipande vya boksi. Chora kuamka, mswaki, kuoga, uji, shati, viatu, shule. Vipange kwa mstari ukutani. Kila anapomaliza jambo, ageuze kipande. Sasa anajua kinachofuata, na hofu inapungua. Kama leo kuna badiliko, mwonyeshe mapema, si mlangoni wakati mnatoka.

Sema kwa maneno machache, jambo moja kwa wakati, kisha subiri. Hesabu hadi 10 kimoyomoyo kabla ya kurudia. Mwambie la kufanya: "Tembea" ni bora kuliko "Usikimbie!" Jihadhari na maneno ya mzunguko. Ukimwambia "kapige mswaki", usishangae akiupiga kofi! "Safisha meno" inaeleweka. "Subiri kidogo" nayo ni fumbo. Kidogo ni kiasi gani? Sema, "Tukimaliza kuosha vyombo, tunatoka."

Kelele zikizidi

Spika za harusini au honi za daladala zinaweza kumlemea mpaka akashindwa kujizuia. Hapo hakuna somo litakaloingia. Usimfokee. Mtoe pembeni penye utulivu, punguza maneno, kaa karibu naye mpaka apoe. Safari ijayo, pandeni gari lisilojaa, naye akae dirishani.

Usalama kwanza

Baadhi ya watoto wenye usonji huchomoka nyumbani bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Hili si la mchezo, maana wapo waliozama. Funikeni kisima na madumu makubwa. Wekeni komeo juu ya mlango, mahali asipofika lakini ninyi mnafika haraka. Andikeni namba ya simu ndani ya nguo zake. Wajulisheni majirani na madereva wa bodaboda wa kijiweni. Akipotea, anzeni kutafuta kwenye maji, hata kama mnadhani kaenda kwingine.

Lakini kumfunga kamba au kumfungia chumbani kutwa nzima si usalama. Ni mateso, na mtoto hajifunzi lolote. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki yake ya kusoma. Mwambie mzazi amwone daktari hospitali ya wilaya, ofisa ustawi wa jamii, au ofisi ya elimu aulizie shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Anayewauzia dawa ya kuponyesha usonji anawadanganya.

Na wewe je?

Kuchoka si dhambi. Hata kuona aibu hutokea. Zungumza na wazazi kuhusu zamu, ili nawe upate saa yako ya kujisomea. Rafiki akimcheka mdogo wako, huna haja ya kugombana. Sema tu: "Ana usonji. Kelele zinamuumiza." Basi.

Na kama mwenye usonji ni wewe unayesoma hapa, mwombe mwalimu unayemwamini akupe kiti mbali na mlango wenye kelele, na maagizo kwa maandishi. Kuomba unachohitaji si usumbufu.

Zoezi la wiki hii

Chagua fujo moja tu inayowasumbua nyumbani. Iandike kwa siku 7, kabla, wakati na baada. Kisha kaeni na mama au baba mjiulize: anatuambia nini? Badilisheni jambo moja, kisha muone.