Usiulize "Unapikia Nini?", Uliza "Jana Mlipikia Nini?"

Wanachuo wenzangu, msimu wa utafiti umefika na wengi wetu tutaingia mitaani na madodoso. Mimi nilishakosea, basi jifunzeni kwangu.

Mwaka jana kikundi chetu kilizunguka mtaa mmoja wa Morogoro kuuliza habari za nishati ya kupikia. Nyumba ya kwanza nikamwamkia mama, nikauliza, "Unapikia nini?" Akajibu chapuchapu, "Gesi, mwanangu." Nikaweka tiki, nikaaga. Natoka tu, nyuma ya nyumba naona maharage yanatokota kwenye jiko la mkaa!

Mama hakunidanganya. Mtungi wa kilo 6 anao, ila ni wa chai na kupasha kiporo. Maharage yanamaliza gesi. Swali langu lilikuwa na nafasi ya jibu moja, naye akatoa lile lisilomwaibisha mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Ikabidi turudie nyumba zote tulizopita, jua la saa saba, nauli ya mfukoni. Haya ndiyo yaliyotusaidia:

Kwanza, anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha mjumbe akutambulishe. Sema wazi kwamba ni kazi ya chuo, hakuna mtungi wa bure, na mtu ana haki ya kukataa.

Pili, uliza mlo kwa mlo: jana asubuhi, mchana na usiku mlipika nini, na mlipikia nini? Ruhusu majibu zaidi ya moja.

Tatu, usiamini "debe" wala "gunia". Gunia la lumbesa si sawa na la kawaida. Beba mizani. Pima mkaa uliopo leo, rudi kesho saa ileile, jumlisha walionunua katikati, toa uliobaki. Hayo ndiyo matumizi ya siku.

Nne, ongea na anayepika. Baba anajua bei ya mtungi. Dada wa kazi anajua ulidumu siku ngapi.

Kwa nini tujisumbue? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Tukimhesabu kila mwenye mtungi kuwa ameachana na mkaa, tutashangilia lengo kwenye makaratasi, huku yule mama bado anapepea jiko uani.