Maua Mawili ya Kengele

Katika nchi ya Japani uko mlima uitwao Norikura, wenye urefu wa meta 3,026. Mlima huo ulijengwa na moto wa chini ya ardhi, na juu yake ni mawe na changarawe za volkano. Miti mirefu haioti huko kwa ajili ya baridi na upepo; hata misonobari hutambaa chini. Lakini katika miezi ya Julai na Agosti huonekana kati ya mawe maua ya samawati iliyochanganyika na zambarau, mfano wa kengele ndogo. Mmea wenyewe haupiti shubiri moja, wala haufanani na lobelia za Kilimanjaro zipitazo kimo cha mtu. Hata hivyo wataalamu huitia yote katika jamaa moja.

Wajapani huliita ua hilo iwagikyo, na neno iwa maana yake ni mwamba. Jina lake la kitaalamu ni Campanula lasiocarpa.

Basi katika milima mirefu ya nchi hiyo liko ua la pili linalofanana nalo kama pacha. Hilo ni chishima-gikyo, lililopewa jina la visiwa vya Chishima vya upande wa kaskazini. Wataalamu huliita Campanula chamissonis, kwa heshima ya Chamisso, mtaalamu wa mimea aliyesafiri katika bahari zile kwa merikebu ya Warusi kati ya mwaka 1815 na 1818. Mtu akiyaandika yote mawili kwa jina moja, orodha yake haifai kitu. Mwenzake ajaye baada ya miaka hataweza kujua ni mmea gani uliopungua. Wala haifai kuchuma ua na kuliuliza nyumbani, maana Norikura umo katika hifadhi ya taifa iliyowekwa mwaka 1934. Mwenye kutaka kulitambua hana budi kupiga magoti papo hapo.

Kwanza atazame midomo ya kengele. Chishima-gikyo ina nywele ndefu nyembamba, kama malaika ya mkono, iwagikyo haina. Hapa jina huweza kumpoteza mwanafunzi, kwa sababu lasiocarpa maana yake ni "lenye tunda la manyoya," naye akisikia manyoya atayatafuta mahali pasipo pake. Tena siku ya ukungu nywele hulowa na kulala, zisionekane upesi. Kwa hiyo asiishie hapo.

Atazame vijani vitano vyembamba vinavyoishika kengele kwa chini. Vya iwagikyo vina meno madogo pembeni; vya chishima-gikyo ni laini, havina meno. Alama hii ndiyo bora. Ukubwa husaidia pia, kwa kuwa kengele ya iwagikyo ni kama sentimeta 2 au 2 na nusu na huelekea juu, na ya mwenzake hufika 3 au 4 na huelekea upande. Lakini ua changa au lililopigwa na upepo hudanganya.

Kengele zikinyauka, nywele na rangi hupotea pamoja nazo. Vile vijani vitano hubaki juu ya tunda, na mwenye kuchelewa hata mwisho wa Agosti aweza bado kuyahesabu meno yake.