Somo la Hesabu: Mkungu Unaobaki



Tuseme kikundi kimoja cha Kamachumu, Muleba, kimevuna mikungu 97 ya ndizi. Wanachama ni 8. Kila mmoja anapata mikungu 12, unabaki mmoja. Wanasema, "Tugawane kwa kaya." Kaya ni 6, kila kaya mikungu 16, unabaki mmoja. Haya, tugawane kwa mafungu 4. Kila fungu mikungu 24, unabaki mmoja tena! Maneno yanaanza: mweka hazina kafanya ujanja, anautaka mkungu ule.

Mweka hazina hana kosa. 97 ni namba tasa.

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1, inayogawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Chukua punje 12 za kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni. Unaweza kuzipanga mistari 3 ya punje nne nne, au mistari 2 ya punje sita sita. Sasa ongeza moja, ziwe 13. Hangaika utakavyo, mistari haitalingana. Labda uziweke zote mstari mmoja.

Utaitambuaje namba tasa? Jaribu kuigawa 97 kwa namba tasa ndogo: 2, 3, 5 na 7. Zote zinaacha baki. Basi, acha hapo. Inayofuata ni 11, na 11 × 11 ni 121, imeshaipita 97. Kama 11 au namba kubwa zaidi ingeigawa 97, jibu lingekuwa dogo kuliko 11, na hizo ndogo tumeshazijaribu. Lakini angalia 91! Wengi huidhania tasa. Kumbe ni 7 × 13.

Namba tasa hazina mwisho. Mgiriki Euclid alithibitisha hivyo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Andika 2 mara tatu, zizidishe, toa 1: unapata 7, nayo ni tasa. Andika 2 mara tano, utapata 31, tasa pia. Mara nne? Unapata 15, si tasa. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant alipata tasa ya namna hiyo, 2 zikiandikwa mara 136,279,841. Ilikuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Ina tarakimu 41,024,320. Ukisoma tarakimu moja kila sekunde, usile wala usilale, utamaliza baada ya siku 474 na zaidi.

Utauliza, zina faida gani kwa mkulima wa buni? Hebu zidisha 43 × 47. Ni 2,021, kazi imekwisha. Lakini mtu akikupa 2,021 tu, akakuambia utafute namba mbili zilizoizaa, utajaribu 3, 7, 11, 13, mpaka ufike 43. (Hapo ndipo tasa mbili zinapozaa!) Mwaka 1977 huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman walitengeneza kufuli la siri kwa njia hii. Kufuli la aina hiyo hulinda habari za fedha zinaposafiri kati ya kompyuta. Siku hizi kila tasa ya kufuli huwa na tarakimu kama 300. Mwizi anaweza kumwona mtoto, wazazi hawajui.

ZOEZI

1. Kati ya 51, 59, 87 na 101, zipi ni tasa?

2. Chama cha msingi huko Bukoba kimepata miche 119 ya buni. Katibu anasema haiwezi kupangwa katika mistari iliyo sawa. Je, ni kweli?