Haki za wanawake zilianzia wapi?

Hapa Arua husemwa kwamba haki za wanawake ni mambo ya Kizungu. Baraza la Wanawake la Uganda, lililoundwa miaka ya 1940, liliwakusanya Waafrika, Wahindi na Wazungu, Wakristo na Waislamu. Miongoni mwao alikuwa Sugra Visram, aliyeingia Bungeni mwaka 1962. Mkutano wao wa 1960 ulijadili sheria za ndoa. Kilio kikubwa kilikuwa cha mjane anayenyang'anywa nyumba, jambo lisilo geni Koboko. Kwetu Waislamu hoja hiyo ni ya zamani zaidi: Surat An-Nisaa, aya ya 7, inampa mwanamke fungu lake katika mirathi. Basi waulizeni wazee nyumbani: shamba la marehemu babu liligawanywa vipi, na mashangazi walipata nini?