Sindano ya Steroidi Kisiginoni: Maswali ya Kuulizwa Kabla ya Kuchoma

Mgonjwa mwenye maumivu ya kisigino, yale yanayochoma zaidi katika hatua za kwanza za asubuhi, mara nyingi hufika kliniki akiomba "ile sindano" aliyochomwa jirani yake. Ombi lake lina msingi. Steroidi kama triamsinoloni hutuliza maumivu upesi, ingawa nafuu hiyo kwa kawaida hudumu wiki chache tu.

Tatizo ni kwamba dawa hiyo hupunguza utengenezaji wa kolajeni, ambayo ndiyo huipa kano uimara. Maumivu yametoweka, tishu imedhoofika, na mgonjwa amekwisha kurudi kusimama kutwa nzima. Hapo utando wa unyayo huweza kukatika na upinde wa mguu ukashuka. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliripoti wagonjwa 765 wenye maradhi ya utando huo: 51 ulikuwa umewakatika, na 44 kati yao walikuwa wamechomwa steroidi. Ni kweli kwamba wanaougua zaidi ndio huchomwa zaidi. Hata hivyo, idadi hiyo yatosha kumfanya mhudumu asite. Kano kubwa ya nyuma ya kisigino isichomwe steroidi kamwe.

Jambo moja husahaulika mno. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa za kufubaza VVU, huzuia ini kuivunja triamsinoloni. Sindano moja tu yaweza kukaa mwilini kwa majuma, uso ukavimba na tezi za adrenali zikazembea. Mhudumu, uliza faraghani kabla ya kuvuta dawa. Nawe mgonjwa, taja dawa zako zote hata usipoulizwa. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi, kwani hupanda kwa siku kadhaa.

Wengi hupona bila sindano, japo huchukua miezi. Kabla ya kushuka kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea kwenye muundi hadi unyayo ukaze, hesabu hadi 10, kisha rudia mara 10. Acha ndala bapa. Vaa viatu vyenye soli nene na laini.

Ikiwa umekwisha kuchomwa, nawe ukasikia mlio wa ghafla unyayoni, usiukanyagie mguu huo. Rudi kliniki siku hiyohiyo.